Bangili ya pini na shanga za rangi ya bendera: mwongozo kamili, kutoka dukani mpaka fundo la mwisho

Kila ikikaribia Jamhuri, tarehe 12 Desemba, bangili za bendera ya Kenya zinajaa kila mahali, kwa makondakta, wanafunzi, watalii, hadi waheshimiwa jukwaani wanazo mkononi. Nyingi ni zile za kufuma kwa uzi na shanga ndogo, na mafundi wake ni wengi na wana spidi, ukitaka kushindana nao kwa bei utaumia bure. Hii ya leo ni nyingine. Inatengenezwa kwa sefti pini, hizi hizi za kufungia mtandio na nepi, kila pini inavalishwa shanga kisha zinapangwa bega kwa bega na kupitishwa lastiki mbili, juu moja chini moja. Inatoka bangili pana, nzito kiasi, inayong'aa, na mtu ambaye hajawahi kushika ushanga anaweza kuimaliza kwa sababu haina sindano wala mashine ya kufumia, na pini moja ikienda kombo kabla hujaipitisha lastiki unaitoa hiyo moja unaiweka sawa bila kufumua kazi yote.

Nimechagua rangi za bendera makusudi maana mistari yake imelala, kwa hiyo ndo somo zuri la kuanzia. Ukishaielewa hii, maua na majina yatakuja yenyewe.

Vitu vya kununua, na namna ya kuvinunua

Pini kwanza. Paketi nyingi za bei rahisi zina saizi mchanganyiko, ndogo na kubwa pamoja, hizo achana nazo, bangili inataka pini za urefu mmoja. Saizi inayofaa ni ile ya kama milimita 27, kwenye maboksi mengi imeandikwa namba 1. Namba 2 ina kama milimita 38, inatoa bangili pana sana, mkono mwembamba unapotelea ndani. Chukua kama 60 hivi, utatumia karibu 50 na zile zilizopinda au zisizofunga vizuri utazitupa.

Sasa angalia pini yenyewe kwa makini. Upande mmoja ina kichwa, kile kikofia cha bati ambacho ncha inaingia, upande wa pili waya umezungushwa ukafanya springi yenye tundu katikati. Hiyo springi ndo ilikuwa akili ya Mmarekani Walter Hunt, aliyesajili hii kitu mwaka 1849 kisha akaiuza haki yake kwa dola 400 tu (wengine wakatajirika), na sisi tunamshukuru maana lile tundu ndo litapita lastiki. Kwenye kichwa pia pini nyingi zina kitundu kidogo pembeni, shika pini uielekeze kwenye mwanga utakiona. Kama zako hazina hicho kitundu si mwisho wa dunia, utapitisha lastiki chini kidogo ya kichwa, katikati ya waya zile mbili, ila yenye tundu inatulia zaidi.

Kutu ndo adui mkubwa, hasa kwa sisi wa pwani, jasho na chumvi haviogopi rangi ya fedha ya dukani. Kabla hujanunua boksi zima nunua chache, tumbukiza mbili kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Zikiamka na madoa ya kahawia, tafuta aina nyingine. Na kuna watu ngozi zao hazipatani na nikeli, ile madini inayopakwa kwenye vitu vingi vya kung'aa, wanawashwa na kutoka vipele. Mteja wa hivyo atakwambia mwenyewe kuwa hereni za bei rahisi zinamsumbua, basi huyo mpakie rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ule waya wa ndani unaogusa mkono, au mwambie ukweli kuwa hii haimfai.

Shanga. Hizi ndogo za glasi zinakwenda kwa namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: 6/0 ina upana wa kama milimita 4, 8/0 kama 3, na 11/0 kama 2. Shanga ambazo mafundi wengi wa Kimaasai wanazisifu ni za glasi kutoka Ucheki, zinalingana na rangi yake haichuji haraka, bei iko juu kidogo lakini utaona tofauti ukizipanga. Za plastiki zinafaa kwa watoto kujifunzia, basi.

Kwa kazi hii mimi napendelea 8/0, na sababu si urembo, ni tundu. Waya wa pini si uzi! 11/0 nyingi zinaingia kwenye ncha vizuri tu halafu zinakwama katikati ya waya, na ukilazimisha glasi inapasuka, kipande kinaweza kuruka machoni. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: nenda dukani na pini yako mfukoni. Iwe Kariokor Nairobi, Kariakoo Dar au kwa mama wa kona hapo mtaani kwenu, omba ushanga mmoja wa kila rangi, upitishe kwenye pini mpaka chini kwenye springi, urudi. Muuzaji akinuna mwache anune. Kila rangi ijaribu peke yake, maana unaweza kukuta nyeupe inapita na nyekundu ya namba hiyohiyo imekataa.

Rangi ni nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijani. Hesabu nitaiweka hapo chini.

Lastiki: chukua ile ya kutengenezea bangili, unene wa milimita 0.7 au 0.8. Ile nyembamba ya cherehani ya kushonea nguo inachoka haraka na uzito wa pini ni mkubwa. Bangili nyingi za pini zinazokatikia njiani zimekatika kwa sababu ya lastiki ya bei rahisi, si kwa sababu ya kitu kingine chochote, kwa hiyo kama pesa haitoshi punguza kwingine. Mwisho chukua plaizi ndogo yenye mdomo bapa, mkasi, rula, selotepu, rangi ya kucha isiyo na rangi, na sahani mbili tatu za kumwagia shanga, chini weka kitambaa ili zisirukeruke.

Kupima mkono na kujua pini ngapi

Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono bila kukaza, uweke kwenye rula. Tuseme umepata sentimita 16. Usitengeneze ya 16. Hii bangili ni nene, pini zimesimama wima juu ya ngozi, na lastiki inapita katikati ya ule unene si kwenye ngozi, kwa hiyo mzunguko wa lastiki lazima uwe mkubwa kuliko wa mkono. Ongeza kama sentimita 2, inakuwa 18.

Sasa hapa usiniamini mimi wala mtu mwingine anayekutajia idadi ya pini, maana pini zinatofautiana unene. Vaa shanga pini 10 za kwanza, zipange kwenye lastiki kama nitakavyoeleza, zisogeze zigusane bila kubanana, pima. Kama 10 zimechukua sentimita 3.4, basi moja inakula 0.34, na 18 ukigawa kwa 0.34 unapata 52 na ushee. Chukua 52. Idadi lazima iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili, ikitoka 53 shuka 52 au panda 54, sababu utaiona sasa hivi.

Pini A na pini B, hapa ndo siri yote

Kichwa cha pini ni kinene kuliko springi. Ukizipanga zote vichwa juu, upande wa juu utajaa na wa chini utabaki mwembamba, bangili itafunguka kama feni ya mkono na haitakaa kwenye mkono wa mtu. Kwa hiyo zinapishana: moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini, juu, chini, mpaka mwisho. Ndo maana idadi inataka shufwa, vinginevyo ukikutanisha mwanzo na mwisho vichwa viwili vitakaa pamoja na pale patavimba.

Lakini sasa fikiria. Ukiipindua pini, na shanga zake zimepinduka. Mtu anavaa pini zote kwa mpangilio mmoja, nyeusi juu kijani chini, anafurahi, akija kuzipishanisha anakuta bendera imekuwa vipande vipande, nyeusi imekaa na kijani. Kwa hiyo unatengeneza mafungu mawili tofauti tangu mwanzo.

Kumbuka ushanga wa kwanza kuingia ndo unaokaa chini kabisa kwenye springi, wa mwisho unakaa karibu na kichwa. Kwa shanga za 8/0 kwenye pini ya milimita 27 kwa kawaida zinaenea 8, na hiyo inatufaa sana:

Pini A (itasimama kichwa juu): ingiza kijani 2, nyeupe 1, nyekundu 2, nyeupe 1, nyeusi 2.

Pini B (itasimama kichwa chini): ingiza nyeusi 2, nyeupe 1, nyekundu 2, nyeupe 1, kijani 2.

Ukizisimamisha zote mbili, A kichwa juu na B kichwa chini, nyeusi iko juu kwa zote. Kwa bangili ya pini 52 unatengeneza A 26 na B 26, na hesabu ya shanga inakuja tamu: kila rangi kati ya hizo nne ni 104, jumla 416. Nunua zaidi kidogo maana kwenye kila mfuko kuna shanga zilizovunjika, zilizoshikana mbili mbili, na zenye tundu lililoziba.

Kama una 11/0 zenye tundu linalopita, hizo zinaenea kama 11, panga 3, 1, 3, 1, 3. Na kusema kweli ile inafanana zaidi na bendera yenyewe maana mstari mweupe kwenye bendera ni mwembamba. Na kama pini zako hazienei shanga 8 za 8/0 usikate mstari wowote, badilisha pini.

Kabla ya kuvaa shanga, chambua. Mwaga kwenye sahani, toa nyembamba kupita kiasi na nene kupita kiasi. Inachosha, najua, lakini ukiweka shanga nene mbili kwenye pini moja mistari ya pini hiyo itapanda juu kuliko majirani zake na macho ya mteja yatakwenda palepale. Zile nene na nyembamba usizitupe, pini moja ikibaki na nafasi kidogo unaweka nene moja, ikijaa sana unaweka nyembamba, ndo unavyosawazisha.

Na nafasi inatakiwa kubaki kidogo, kama nusu ya ushanga. Ukiijaza mpaka pomoni ncha haitaingia vizuri kwenye kichwa, utadhani umefunga kumbe imeshikilia kwa bahati, siku moja inafyatuka mkononi mwa mtu. Ukiacha nafasi kubwa nayo, shanga za pini B zitateleza kwenda chini na mistari haitalingana. Angalia pia ule ushanga wa kwanza: kama tundu lake ni kubwa sana unaweza kuteleza ukazunguka springi na kuhamia waya wa nyuma. Wa kwanza uwe na tundu la kubana kidogo.

Ukishafunga pini, chukua plaizi ubane kichwa taratibu ili isifunguke tena. Taratibu, si kuponda, ukikiponda kile kitundu cha lastiki kitaziba. Wengine wanaweka gundi ndani ya kichwa, ni sawa, lakini kubana kunatosha na ni kusafi. Ila usibane zote papo hapo. Bana baada ya kuzipanga mezani na kuhakikisha rangi, maana ukishabana kurekebisha ni kazi.

Kuzipanga kwenye lastiki

Kata lastiki mbili, kila moja sentimita 40 hivi, usibane matumizi hapa, kufunga fundo kwa mkia mfupi ni mateso. Zivute kwa mikono mara kadhaa kabla ya kutumia, vuta, achia, vuta, achia. Lastiki mpya inarefuka kidogo siku za kwanza na usipoivuta mwenyewe itarefukia kwa mteja, bangili inabaki inaning'inia. Mwisho wa kila moja zibandike mezani kwa selotepu, moja juu moja chini.

Panga pini zako mezani kwanza, A B A B, upande wenye shanga ukuangalie wewe. Kisha anza kutoka kushoto. Lastiki ya juu inapita kwenye kitundu cha kichwa cha A, halafu kwenye tundu la springi ya B, kichwa cha A, springi ya B. Lastiki ya chini inafanya kinyume chake: springi ya A, kichwa cha B. Ncha ya lastiki ikianza kuchanuka ikate kwa mshazari au ipake rangi ya kucha ikauke iwe ngumu, itapenya yenyewe.

Nenda pini moja moja kwa lastiki zote mbili. Ukimaliza ya juu yote ndo uanze ya chini, pini zitazunguka zitageuka utachanganyikiwa. Kila baada ya pini kumi simama uangalie mambo mawili tu: shanga zote ziko upande wa nje, na nyeusi iko juu kila mahali. Pini iliyogeuka mgongo utaijua, utaona waya mtupu katikati ya rangi.

Kuna wanaopenda kuweka ushanga mmoja kati ya pini na pini. Kama umepishanisha vizuri huhitaji, lakini pini zako zikiwa zinabanana mpaka bangili haipindi, weka ushanga mdogo kwenye lastiki ya juu na ya chini kila baada ya pini, na hapo pini zinapungua, kwa hiyo pima upya.

Fundo

Kunja bangili, mwanzo ukutane na mwisho, shanga nje. Jaribu kwanza mkononi kabla ya kufunga, mtu akushikie ncha. Ikikubana ongeza pini mbili, A na B, usiongeze moja.

Funga lastiki ya juu kwanza ila usikaze mpaka mwisho, funga ya chini, halafu ulinganishe mvuto wa zote mbili. Moja ikikazwa kuliko nyingine bangili inakuwa na mdomo, upande mmoja mpana. Fundo lenyewe ni hivi: pitisha ncha moja juu ya nyingine kama unavyofunga kamba ya kiatu, lakini badala ya kuzungusha mara moja zungusha mara mbili, vuta. Rudia upande wa pili, mara mbili tena, vuta kwa nguvu huku umelowesha lastiki kidogo kwa mate au maji ili isijikwaruze. Fundo la kawaida la mzunguko mmoja linafunguka lenyewe kwenye lastiki, linateleza.

Tia tone la rangi ya kucha juu ya fundo uache likauke vizuri. Watu wengi wanakimbilia supagluu, mimi siipendi hapa, ikikauka inaifanya lastiki iwe ngumu na inakatika hapohapo pembeni ya fundo. Ikishakauka kata mikia ubakishe kama milimita 3, kisha vuta fundo liingie ndani ya tundu la springi ya jirani, lisionekane.

Ukitaka michoro mingine

Chukua karatasi ya hesabu yenye visanduku. Kila safu ya kusimama ni pini moja, kila kisanduku ni ushanga. Ziandikie juu A, B, A, B. Ukivaa shanga pini A unasoma safu kutoka chini kwenda juu, pini B unasoma kutoka juu kwenda chini. Ukishika hilo unaweza kuchora chochote. Bendera ya Tanzania kwa mfano ina ule mkanda wa kukatiza, mweusi wenye njano pembeni, kijani upande mmoja na bluu upande wa pili, hapo unasogeza mkanda kisanduku kimoja kila pini, na kijani inapungua huku bluu inaongezeka. Usiutengeneze bila karatasi, kichwa hakitabeba.

Majina yanawezekana lakini jua kitu kimoja: kwenye karatasi kisanduku ni mraba, kwenye bangili siyo. Kwenda pembeni pini moja inachukua zaidi ya milimita 3, kwenda juu ushanga wa 8/0 ni kama 2 tu. Kwa hiyo kila mchoro unanenepa. Mduara unakuwa yai lililolala. Herufi zitoe wembamba, safu 3 kwa upana na visanduku 7 kwa urefu, acha safu moja tupu kati ya herufi, zitatoka vizuri. Jina la herufi sita linakula pini 23 au 24, upande wa mbele wa mkono umeisha, nyuma weka rangi moja.

Kuhusu kuuza

Usipige bei kwa kuangalia bangili za uzi za jirani yako. Jumlisha pini, shanga, lastiki, halafu hesabu muda wako, na muda wa kuchambua shanga uuhesabu pia maana ndo unaokula zaidi. Za bendera tengeneza kuanzia mapema Novemba kwa ajili ya Jamhuri, na Mei kwa ajili ya Madaraka, 1 Juni. Wiki yenyewe ikifika maduka yanaishiwa nyekundu na kijani na utanunua chochote kilichobaki. Weka saizi tatu tayari, ndogo, kati na kubwa, na ubaki na pini za akiba zilizovaa shanga ili mteja akisema inambana umwongezee mbili palepale.

Watoto chini ya miaka mitatu usiwauzie wazazi wao hii kabisa, shanga zinamezeka na pini ni pini hata ukiibana vipi. Mteja mwambie aivue akioga na akienda kuogelea baharini, akitoka jasho aipanguse kwa kitambaa kikavu, na asiivute kwa upande mmoja wakati wa kuvaa, aipanue kwa vidole vya pande zote mbili. Lastiki ikichoka arudi nayo, pini na shanga bado nzima, unamwekea lastiki mpya na unamlipisha ya lastiki na kazi tu.